Vipago Thelathini vya Kinyozi

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla hajafungua dirisha wala kuchomeka mashine kwenye umeme, kinyozi alikuwa na kawaida ya kufunga mafundo sita. Alivaa miwani ya kukuzia, akapitisha uzi kwenye nta, akaushika kwa kibano na kuufunga kwenye kamba sita zilizosimama, moja baada ya nyingine, kutoka kushoto kwenda kulia. Mafundo sita yakikamilika, kimepatikana kipago kimoja cha ngazi: kamba ya mlalo ambayo baharia mwenye kimo cha punje mbili za mchele angeweza kuikanyaga akipanda mlingoti. Kisha alikata ncha ya uzi, akasogeza meli ukutani na kufungua mlango.

Meli ilikuwa ya mbao, urefu wake sentimita sitini na mbili, na ilikaa kwenye rafu kando ya kioo kikubwa. Ilikuwa na milingoti mitatu. Mwili wake aliuchonga kwa miaka miwili, kutokana na vipande alivyookota kwa seremala wa jirani. Haikuwa mfano wa meli yoyote iliyowahi kuelea, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa bahari. Kivuko cha dakika kumi kilitosha kumtapisha. Mambo haya aliyaanza siku ofisi ya bima ya jengo la pembeni ilipotupa pambo la meli lililovunjika, akaliokota kwenye pipa, akalitengeneza, na alipomaliza akajikuta anatamani nyingine.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa amenyoa kwenye kiti cha pili kwa miaka kumi na tisa, na ndiye aliyempa jina ambalo wateja wote walilichukua: Kepteni.

"Kepteni wa nchi kavu," shemeji aliwaambia wageni. "Meli ikizama, anazama nayo kwenye ndoo ya kudekia."

Kazi ya kamba ina utaratibu usiobembelezwa. Kwanza zinafungwa zile nene zinazoushikilia mlingoti, zikivutwa kwa nguvu sawa kulia na kushoto. Ndipo vinafuata vipago, kutoka chini kwenda juu. Anayeanza huogopa fundo lililolegea, lakini hilo si kosa kubwa. Linafunguliwa, linafungwa upya. Kosa kubwa ni kubana mno. Fundo lililobanwa mno huzivuta kamba zilizosimama zikaribiane kidogo tu, unene wa unywele. Kipago cha juu yake kinazivuta tena. Baada ya vipago kumi ngazi nzima imeingia kiuno kama nyigu, na ukiitazama kwa mbali huwezi tena kusema ni fundo gani lililoanza.

Mlingoti wa mbele na wa nyuma aliimaliza bila kiuno. Ulibaki wa katikati, mrefu kuliko yote, vipago thelathini na vinane kila upande. Alianza na upande wa kushoto, ule unaotazamana na viti vya wateja. Alianza Jumatatu, na kwa kuwa Jumapili kibanda kinafungwa, kila wiki ilikuwa vipago sita. Angeweza kufunga zaidi kwa siku, lakini mashine ya kunyolea humwachia mtu mtetemo mkononi kwa muda mrefu, na mkono wa kinyozi hutulia kabisa asubuhi tu.

Kipago cha kumi na saba kilikuwa cha Ijumaa.

Siku hiyo ncha ya uzi haikuingia pale ilipotakiwa. Aliileta karibu na kamba ya tatu, ikapita pembeni. Akairudisha, ikapita upande wa pili. Alishusha mkono, akautazama. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinacheza, polepole, kama mtu anayehesabu kitu kichwani na kusahau kwamba vidole vinaonekana. Alivikandamiza mezani. Vilitulia. Alivinyanyua tena, akashika kibano, navyo vikaanza upya.

Aliilaumu chai. Akaulaumu usingizi. Saa mbili mteja wa kwanza alipokaa kitini na kuomba shingo isafishwe kwa wembe, kinyozi aliushika wembe, mkono ukatii, na akajiambia kwamba yameisha.

Hakuwa amejiambia ukweli, na alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu alikwisha kuuona mkono ule kabla. Ulikuwa wa baba yake.

Baba yake naye alikuwa kinyozi. Alipofika umri wa miaka hamsini na saba mkono wake wa kulia ulianza kucheza, naye akauficha: akawa anashika taulo muda wote, akawa anakohoa ili apate sababu ya kusimama. Siku moja alimkata mteja chini ya taya. Halikuwa jeraha la kushonwa, lakini damu iliingia kwenye povu la sabuni, na watu watatu waliokuwa kwenye benchi waliiona. Hawakurudi tena. Kinyozi alikuwa na miaka ishirini na mmoja wakati huo, na anachokikumbuka zaidi si ile damu. Ni miezi iliyofuata, baba yake akifungua kibanda kila siku, akifagia sakafu isiyo na unywele hata mmoja, kisha akikaa kwenye kiti cha wateja akitazama mlango. Mwishoni alikuwa hawezi kushika kikombe.

Kinyozi sasa alikuwa na miaka hamsini na minne.

Tangu kipago cha kumi na saba, mafundo ya asubuhi yaliacha kuwa burudani, yakawa mtihani. Alijiwekea sheria ambayo hakumwambia mtu. Mafundo yote sita yakikubali bila kurudiwa zaidi ya mara mbili, leo atatumia wembe. Yakizidi, leo ni mashine tu, na anayetaka wembe ataambiwa nyembe zimekwisha. Kila fundo baya alilikata na kulifunga tena hadi likae sawa. Na kwa kuwa aliogopa lisije likafunguka, akalibana.

Siku za kwanza sheria ilifanya kazi. Siku ya tano alirudia fundo moja mara tano, akasema moyoni kwamba fundo lile lisihesabiwe kwa sababu uzi ulikuwa na kasoro. Siku hiyohiyo alimchana nyuma ya sikio mwalimu mkuu mstaafu, mteja wa miaka mingi. Tone moja. Alilifuta kwa pamba yenye spiriti kabla halijafika kwenye kola.

"Kuna kipele hapa, mwalimu," alisema.

"Sina vipele tangu nina miaka kumi na sita," alisema mwalimu.

"Basi kimechelewa kufika," shemeji akadakia kutoka kiti cha pili. "Kama wanafunzi wako wa zamani."

Mwalimu alicheka, benchi likacheka. Kinyozi alikwenda kwenye sinki, akafungua bomba na kuosha mikono muda mrefu kuliko inavyohitajika kuosha mikono.

Baada ya siku hiyo aliona mambo mawili, na yote mawili yalimtisha.

La kwanza lilikuwa nyumbani. Mkewe, fundi wa cherehani anayeshona sare za shule sebuleni, alikuwa anamimina chai hadi nusu ya kikombe. Miaka ishirini na saba alikuwa akimjazia hadi karibu na ukingo, kwa sababu ndivyo anavyoipenda. Sasa ni nusu, kisha baadaye anaongeza nusu nyingine, bila maneno, macho kwenye kitambaa. Kinyozi alitaka kuuliza. Lakini kuuliza ni kusikia jibu. Alikunywa nusu zake mbili, akatoka.

La pili lilikuwa kazini. Shemeji alikuwa anamnyang'anya wateja. Si wote; wa wembe tu. Mtu akiingia na kugusa kidevu, shemeji yuko mlangoni na taulo begani.

"Mzee, karibu kwangu huku, kiti kinakungoja tangu asubuhi."

"Mimi wa Kepteni," mteja anasema.

"Kepteni yuko safarini. Huoni ametweka tanga?"

Na mteja anacheka, anakaa. Kinyozi alihesabu: wateja wanane kwa wiki moja. Alimkabili shemeji mchana mmoja kibanda kilipokuwa kitupu, akiwa ameweka mkono wa kulia mfukoni.

"Shemeji, kibanda hiki alikifungua baba yangu."

"Najua. Picha yake inanitazama kila nikikaa."

"Basi wateja wangu niachie."

Shemeji alikwenda kwenye kona. Alichukua ufagio. "Sawa, Kepteni," alisema baadaye. "Ila yule wa juzi mwenye ndevu kama waya wa kusugulia sufuria, huyo nakuachia rasmi."

Kinyozi hakucheka. Aliona mambo yanavyokwenda: leo wateja, kesho kiti, keshokutwa yeye ndiye anayefagia sakafu safi.

Kipago cha thelathini kilikuwa cha Jumamosi. Mafundo sita yalimchukua dakika arobaini na tano badala ya kumi na mbili. Alirudia mara kumi na moja. Kwa sheria yake mwenyewe wembe haukutakiwa kutoka kwenye droo. Lakini ilipofika saa tatu benchi lilikuwa limejaa, shemeji alikuwa katikati ya kichwa cha bwana harusi mwenye masharti mengi, na kwenye kiti cha kwanza alikaa fundi wa lifti.

Fundi wa lifti alikuja kila Jumamosi ya pili. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye mafuta meusi kwenye mikunjo ya vidole yasiyotoka kwa sabuni yoyote, na kazi yake ilikuwa kukagua nyaya za lifti kwenye majengo marefu. Alitaka kichwa kizima kwa wembe, na shingo, na chini ya taya. Kila mara.

"Nyembe..." kinyozi alianza.

"Nimekuja nazo," alisema fundi wa lifti, akatoa pakiti mpya mfukoni. "Mara ya mwisho uliniambia zimekwisha."

Kinyozi alipaka povu. Kwa brashi mkono ulikuwa mzima kabisa. Akafungua wembe mpya, akaupachika, akaweka kiganja cha kushoto kwenye utosi wa mteja, na kuanza juu ya sikio, mahali ambapo mfupa uko karibu na kosa halina kina. Mistari mitatu ilipita salama. Alishuka shingoni. Akaja mbele, akamwinua kidevu.

Kichwa kikiwa kimeegemezwa hivyo, macho ya fundi wa lifti yalikuwa hayana pa kwenda isipokuwa kwenye rafu.

"Hii meli mlifunga wawili?" aliuliza bila kusogeza taya.

"Peke yangu."

"Hapana." Alisema kwa upole, kama mtu anayesoma kipimo. "Hizo ngazi za mlingoti wa katikati. Kuanzia chini mpaka karibu nusu, kamba zinavuta sawasawa. Aliyefunga pale hakuwa na wasiwasi na kitu. Huku juu ni mwingine. Zimebanwa, kamba zimeingia ndani. Mimi nikikuta waya umebanwa hivi, siulizi kama fundi alikuwa mzembe. Mzembe hulegeza. Huyu alikuwa anaogopa."

Wembe ulikuwa sentimita moja kutoka kwenye mshipa ule unaopiga kando ya koo. Kinyozi aliuona mshipa ukiruka chini ya povu, na juu yake akaiona ncha ya chuma ikiruka pia, kwa mwendo wake mwingine. Viwili hivyo havikuwa vinakwenda pamoja. Alijaribu kuurudisha mkono nyuma, na kwa muda ambao hawezi kuukadiria mkono haukurudi. Uliendelea kuning'inia palepale, ukitetemeka, na yeye akiutazama kama wa mtu mwingine. Alifikiri: benchi linaona. Alifikiri: akimeza mate sasa hivi, koo litapanda juu.

Fundi wa lifti hakumeza mate. Alikuwa ameelewa.

"Shemeji," alisema kinyozi. Sauti ilitoka ndogo. "Njoo ummalizie huyu."

Shemeji hakuuliza kwa nini. Alimwacha bwana harusi na nusu ya kichwa, akavuka hatua nne, akakishika kifundo cha mkono wa kinyozi kwa mkono mmoja na kuuchukua wembe kwa mwingine, taratibu, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi mtaani:

"Kepteni ameitwa nyumbani, dada yangu kakasirika! Nyie subirini. Bwana harusi, usijiangalie kwenye kioo kwanza, utaghairi."

Benchi lilicheka. Kinyozi alipita nyuma ya pazia, kwenye kijichumba cha taulo na ndoo, akakaa juu ya kreti.

Shemeji alikuja baada ya robo saa.

"Umemkata?" kinyozi aliuliza.

"Nani? Yuko mzima. Amekupa salamu. Amesema atarudi Jumamosi ya pili, umnyoe kwa mashine."

"Tangu lini unajua?"

"Shemeji, nimesimama mita moja na nusu kutoka kwako kwa miaka kumi na tisa. Unafikiri nawapenda wale wazee wa ndevu za waya?" Alijifuta mikono kwenye taulo ambalo tayari lilikuwa chafu. "Dada alitangulia kujua. Mimi nilishtuka baada ya yule mwalimu. Tulikuwa tunangoja useme."

"Na nisingesema?"

Shemeji alitafuta utani. Ulionekana usoni kwake ukitafutwa. Haukupatikana.

"Hilo ndilo nililokuwa naliogopa," alisema.

Miadi ya kliniki ilikuwa Alhamisi. Kati ya Jumamosi na Alhamisi kinyozi hakufunga fundo hata moja. Wembe ulikaa kwenye droo ya shemeji. Asubuhi ya Alhamisi mkewe alifika kibandani akiwa na beseni kubwa la kufulia, akaweka ndani yake mto wa kochi, na juu ya mto akaiweka meli.

"Unaipeleka wapi?"

"Daktari atakuuliza imeanza lini, imeendaje. Wewe utamwambia 'juzijuzi tu, si sana.' Nakujua. Hii haiwezi kusema uongo." Aliifunika kwa kitambaa cha kunyolea.

Kwenye foleni ya kliniki kila aliyepita alitaka kuchungulia. Mlinzi aliuliza kama ni keki. Kinyozi alikaa na mkono wa kulia chini ya paja, akitazama mlango wenye rangi ya maziwa ukifunguka na kufungwa. Mzee mmoja alitoka akiwa ameshikwa bega na binti yake. Mikono yake yote miwili ilikuwa inacheza. Kinyozi aliinamisha macho, akasoma maandishi kwenye beseni: jina la kiwanda, ujazo wa lita.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alimwambia anyooshe mikono, aguse pua, achore mviringo unaojizungusha. Aliuliza kuhusu baba. Kisha mke akafunua beseni.

Daktari alibadilisha miwani. Aliinama juu ya mlingoti wa katikati, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu bila kugusa.

"Kila kimoja ni siku moja?"

"Ndiyo, daktari. Nilianza Jumatatu. Jumapili hakuna."

"Kwa hiyo hiki cha kumi na saba ni Ijumaa." Aliandika. "Cha kumi na nane kimebanwa zaidi. Cha kumi na tisa..." Alisogeza taa. "Cha kumi na tisa karibu kizima. Jumatatu?"

"Jumatatu."

"Cha ishirini na tano pia. Na vibaya kabisa ni hivi vitatu, kumi na nane, ishirini na nne, thelathini. Jumamosi zote. Jumamosi kuna nini?"

"Watu wengi," alisema mkewe.

"Wembe," alisema kinyozi.

Daktari alikaa. Alisema kwamba asingeweza leo kumwambia ni ugonjwa gani. Kuna mitetemo mingi. Mingine mtu anaishi nayo hadi uzeeni akiwa na usumbufu tu, na mwingine mzito zaidi ni ule ambao huenda ulimpata baba yake. Ugonjwa wa baba haumaanishi lazima uwe wa mtoto, wala haumaanishi kwamba hauwezi. Woga unaongeza, hilo linaonekana kwenye Jumamosi. Lakini woga peke yake hautoshi kueleza yote, kwa hiyo asijidanganye kwamba ni woga tu. Kutakuwa na vipimo. Atamwona tena baada ya wiki sita.

"Wembe ni marufuku," alisema. "Mashine unaruhusiwa. Na hii kazi ya meli usiiache. Kipago kimoja kila asubuhi, kama ulivyokuwa unafanya. Tofauti ni moja. Usirudie fundo."

"Likiwa baya?"

"Liache. Ukilirekebisha unanificha mimi."

Kinyozi alitaka kueleza kwamba meli haifungwi hivyo, kwamba ngazi iko upande wa wateja, kwamba vipago vinane vilivyobaki vitaonekana na kila anayeinua kidevu. Mkewe alikuwa anamtazama. Aliifunika meli.

Jumatatu saa moja kasorobo aliwasha taa ya rafuni. Shemeji alikuwa amefika mapema kuliko siku zote na alijifanya anapanga taulo. Kinyozi alivaa miwani ya kukuzia. Alipitisha uzi kwenye nta, akaushika kwa kibano, akauleta kwenye kamba ya kwanza. Vidole vilianza. Alingoja vitulie, havikutulia, akafunga hivyohivyo.

Fundo lilikaa juu kidogo ya mstari, limepinda, na ncha ya uzi imechomoza pembeni. Mkasi ulikuwa karibu na kiganja. Kwa mwaka mzima asingeliacha fundo kama lile lione jua. Alilitazama. Sasa hakukuwa na pa kuuficha mkono. Chochote mkono utakachofanya kitaandikwa pale, siku kwa siku, mpaka wiki sita ziishe.

"Limekubali?" shemeji aliuliza bila kugeuka.

"Limegoma."

"Mangapi bado?"

"Matano."

Aliusogeza mkasi hadi mwisho wa rafu, mahali ambapo asingeufikia bila kusimama, akauvuta uzi kwenda kwenye kamba ya pili.